Mama Nusu na Besi Tisa

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mwalimu wetu wa kwaya anastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Katika muda huo wote amechelewa mazoezi mara moja tu, siku mwanawe wa pili alipozaliwa, na hata siku hiyo aliomba radhi.

Wanakwaya humwita Mama Nusu. Hupenda kuweka sauti mbili zikipishana nusu toni tu, zikwaruzane kama viti vinavyoburutwa sakafuni. Ametunga zaburi kumi na saba kwa mtindo huo. Mara mbili waumini walimwita fundi aje kutazama kinanda. Mara zote mbili kwaya ilikuwa imeimba bila kinanda.

Mwaka wake wa tatu, wazee wa kanisa yaliwafika shingoni. Walimpa Jumapili moja aimbishe zaburi yake ya mtu anayelia kutoka vilindini. Waumini wakitoka nje, tungo zake zote zingefungiwa kabatini. Mwenyekiti wa wazee, ambaye ni shemeji yake, alimsihi: "Shemeji, tia basi sukari kidogo." Akajibu kwamba anayezama halii kwa sauti tamu.

Besi wetu tisa walimwonea huruma. Kila mmoja, bila kumwambia mwenzake, alichukua penseli akairekebisha nota yake ya mwisho, ili walau wimbo uishe vizuri. Jumapili ilipofika, neno la mwisho likatoka kwa nota tisa tofauti, kila besi na njia yake. Sauti iliyotoka haikuwa imeandikwa popote. Mwalimu hakupepesa jicho. Aliuacha mkono juu, akawashikilia papo hapo hadi pumzi zikawaishia.

Hakuna aliyetoka. Bibi mmoja wa safu ya mbele alikuwa analia. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akasema, "Jumapili ijayo rudieni, na pale mwisho pawe vilevile."

Ndipo kazi ilipoanza. Kwenye mazoezi ya Jumanne hakuna besi aliyekumbuka alichoimba, wala aliyekiri kwamba alibadili kitu. Mwalimu alikusanya karatasi zao, akazisoma alama za penseli moja baada ya nyingine, akazinakili zote tisa kwa wino. Kabati halikufungwa tena.

Siku ya kumuaga tutaiimba zaburi hiyo, naye ataisikiliza akiwa benchini kwa mara ya kwanza. Besi wanne wa siku ile bado wapo, na siku hizi wanalalamika kuwa nyimbo tamu zinawachosha.

Mwalimu, ahsante kwa masikio uliyotupa. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na Jumanne zisizo na mazoezi. Ukitusikia tumekosea mahali, tafadhali usisimame. Subiri kwanza tumalize.