Fundi Ngazi Aliyevuka Mpaka na Tepu

Wasikilizaji wapendwa, kama mna kazi mkononi, endeleeni nayo. Tunayemkumbuka leo hakupenda watu waache kazi kwa ajili yake. Ongezeni sauti kidogo tu, inatosha.

Leo tunamkumbuka fundi ngazi. Alizikwa Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na moja. Ameacha mjane, binti mmoja, na karakana ya mbao iliyopakana ukuta na yangu. Mtaani tulimwita Twiga. Alikuwa mfupi, ndiyo sababu.

Kabla sijaendelea, nieleze jambo moja. Mjane wake, ambaye mimi namwita shemeji, alikuja hapa studio juzi pamoja na binti. Akaniambia, "Shemeji, kipindi utakifanya wewe. Ila usitie chumvi. Hata chembe."

Nikamwambia, "Shemeji, chakula kitalika kweli?"

Akasema, "Kitalika hivyo hivyo."

Kwa hiyo leo mtavumilia. Mnanijua. Kwa kawaida ningewaambia ngazi yake ya kwanza ilifika mawinguni na ndege wakaitumia kupumzika. Haikufika. Ilikuwa mita tatu na nusu, na ilinunuliwa na fundi umeme.

Binti naye alikuwa na lake. Sasa karakana anaiendesha yeye, na ameomba nafasi katika msafara wa wafanyabiashara unaokwenda nchi jirani tarehe kumi na nne. Jina lake limewekwa pembeni. Limewekwa pembeni kwa sababu ya barua. Barua yenyewe ina miaka kumi na moja, haina jina la aliyeiandika, na bado imo kwenye faili la karakana yao pale chama cha wafanyabiashara. Shikeni hapo. Nitaifikia, ingawa miguu inakuwa mizito.

Wasikilizaji wapendwa, misafara hii mnaisikia kwenye taarifa ya habari. Mwenye sabuni, mwenye magodoro, mwenye misumari, wote ndani ya basi moja, kila mmoja na kitambulisho shingoni. Wanavuka mpaka, wanakaa kwenye meza na wenzao wa kule, dakika ishirini kila meza. Kengele ikilia, unahamia nyingine. Mwaka unaofuata wa kule wanakuja huku. Na kanuni ni moja: kila kazi, mtu mmoja. Sabuni mmoja. Magodoro mmoja. Ngazi mmoja.

Na mafundi ngazi mtaani tulikuwa wawili.

Mwaka wa kwanza akachaguliwa Twiga. Nikasema sawa, bahati. Mwaka wa pili, Twiga. Nikasema kamati ya chama inayochagua haina macho. Mwaka wa tatu, Twiga tena, na siku ile nilipiga randa ubao mmoja mpaka ukabaki mwembamba kama kitana. Hiyo si chumvi. Mke wangu aliuchukua akawa anapimia nguo.

Ngazi zangu zilikuwa nzuri kuliko zake. Nilisema hivyo wakati ule na nasema hivyo leo, marehemu anisamehe. Zilinyooka, ziling'aa. Zake hazikupakwa hata vanishi. Lakini kila akirudi kutoka kule, lori lilikuja kuchukua ngazi zake. Lori lile lile lilileta raba nzito za kuvisha miguu ya ngazi, zinazotengenezwa kule kule, ili ngazi isiteleze. Wakubwa kwenye hotuba waliita huo ushirikiano wa kiuchumi. Twiga alisema, "Wao wanatupa viatu, sisi tunawapa miguu."

Watu walicheka. Mimi nilikasirika, kwa sababu maneno yale yangependeza zaidi kinywani mwangu.

Lori lilikuwa likiegesha mbele ya mlango wangu. Mbele ya mlango wangu, wasikilizaji. Wateja wangu wakawa wanalizunguka ili wanifikie, na wengine katikati ya safari waliishia kwake.

Mwaka wa nne, wiki mbili kabla ya uteuzi, kamati ikapokea barua isiyo na jina. Barua ilisema ngazi ya Twiga ilivunjika na mpaka rangi mmoja akaanguka, akateguka nyonga. Ikasema vipandio vyake vinalalamika mtu akikanyaga, kama wazee waliokosa siti. Kamati haikuja kupima ngazi hata moja. Ilimwondoa Twiga, ikamchagua fundi wa pili.

Fundi wa pili nilikuwa mimi.

Nikaenda. Nikavaa kitambulisho. Mpakani ofisa wa forodha akaniuliza ngazi tatu juu ya basi ni za nini, nikamjibu za kupandia. Nilikuwa na furaha hivyo.

Kule, meza yangu ya kwanza ilikuwa na mama mmoja, mkandarasi wa kupaka rangi majengo. Kabla sijakaa akatazama nyuma yangu.

"Yuko wapi Twiga?"

"Anaumwa," nikasema.

"Maskini. Anaumwa nini?"

"Nyonga." Sijui kwa nini nilisema nyonga. Ilikuwa karibu.

Akatoka nje, akapanda ngazi yangu. Mama wa mwili, lakini alipanda kama anayekwenda dukani. Kipandio cha tatu akasimama.

"Baba, hii si ya kwetu."

"Mama, hiyo ni mbao safi, angalia ilivyonyooka."

"Nimeona imenyooka. Mafundi wangu wanapanda na ndoo ya rangi mkono mmoja. Kwa hatua ndefu hivi ndoo itawamwagikia. Twiga hakukwambia? Mwaka wa kwanza hakuleta ngazi. Alikuja na tepu. Siku mbili alikaa kwenye jengo langu anawatazama wanavyopanda, anapima goti la huyu, goti la yule. Tulidhani ni fundi nguo."

Kengele ikalia. Nilikuwa bado na dakika sita, lakini yeye ndiye aliyeomba ilie.

Nilirudi na ngazi zangu tatu. Mwaka uliofuata kamati ikaandika kwamba ngazi hazina soko kule, ikazifuta kabisa kwenye orodha, na imezirudisha mwaka huu tu. Mkandarasi yule alipostaafu, lori nalo likaacha kuja. Twiga hakupanda tena basi la msafara mpaka kufa kwake. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: hakupanda tena, miaka kumi na moja, kwa sababu ya barua.

Wiki niliyorudi, alinisalimu juu ya ukuta.

"Jirani, walikupokeaje?"

"Vizuri sana. Walitaka nibaki."

"Mama wa rangi amenipigia simu. Ananipa pole ya nyonga."

Nilijifanya natafuta patasi.

"Nimemwambia nimepona," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Wasikilizaji wapendwa, ile barua niliiandika mimi. Niliiandika kwa mkono wa kushoto, mezani kwangu, mchana, mke wangu akiwa sokoni. Hakuna mpaka rangi aliyeanguka. Hakuna ngazi ya Twiga iliyovunjika, si mwaka ule, si mwaka wowote. Narudia polepole, ili hata kamati wasikie: hakuna ngazi ya Twiga iliyovunjika.

Juzi, hapa studio, nilimuuliza shemeji kama marehemu alijua.

Akasema, "Alijua siku ile ile. Katibu wa kamati alimsomea. Ilipofika kwenye wazee waliokosa siti, akacheka peke yake. Aliniambia, mtaa huu nani mwingine anaongea hivyo?"

"Mbona hakusema?"

"Alikungoja useme wewe. Alitaka aiombe kamati nafasi mbili za ngazi. Yeye apime, wewe uongee. Zile dakika ishirini za mezani zilikuwa zinamtoa jasho, shemeji. Alikuwa anakaa kimya mpaka kengele inalia. Alikuwa anakuonea wivu."

"Wivu wa nini?"

"Mdomo. Kila Jumapili alikuwa anasikiliza kipindi chako. Anasema, muongo huyu, halafu ananikataza nisipite na vyombo."

Miaka thelathini ukuta mmoja katikati yetu, nikitamani mikono yake, kumbe yeye anatamani ulimi wangu.

Nikamgeukia binti. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe."

Akasema, "Baba mdogo, mimi si baba. Baba alikuwa na muda wa kungoja. Mimi basi langu ni tarehe kumi na nne. Kaseme redioni kwanza, halafu kaandike barua nyingine. Hii weka jina."

Nimesema. Na kesho ofisi ikifunguliwa, nitakuwa mlangoni nikiwa na barua niliyoiandika kwa mkono wa kulia, yenye jina langu, sahihi na namba ya simu. Binti amekwishapima magoti ya wapaka rangi watatu wa kule waliokuja huku kwenye maonyesho ya biashara. Kamati ikimnyima nafasi sasa, isiseme ni kwa sababu ya ngazi.

Kwako shemeji, kwako mwanangu, na kwa mafundi wote mliowahi kusimama juu ya kazi ya mikono yake mkashuka salama, poleni sana. Mungu amlaze pema.

Na wewe unayenisikiliza, ambaye jirani yako lori limeegesha mlangoni kwake asubuhi hii, kaa chini ujiulize unachotaka hasa. Kama uliwahi kuandika kitu bila jina, na mwenye kuumia bado yu hai, nenda leo. Mimi nimechelewa kwa siku tano.

Tarehe kumi na nne nitakwenda kuliona basi likiondoka. Nitamwona binti wa Twiga dirishani, na kitambulisho shingoni, na wivu utanipanda mpaka kooni, najijua. Safari hii nitabaki nao mwenyewe. Sitaupa kalamu.