Makopo Kumi ya Mwalimu Bulaimu

Miaka makumi tatu kamili, tangu 1928, mwalimu Raphaël Bulaimu amefundisha jimnastiki kwa masomo yetu, shule ya hapa Kasongo. Tarehe 30 mwezi wa sita 1958 anaingia pansioni, anapumzika kazi, anarudi kwao Wamaza. Mimi Amuri, mupishi wa masomo, ndiye ninasema. Karani anaandika tu. Mutu wa kumujua Bulaimu kunipita mimi hajazaliwa. Mama yake mwenyewe anakuja wa pili.

Alifika hapa mwembamba kama fimbo. Ile miguu munasifu leo ni bugali yangu.

Zamani jimnastiki ilikuwa mikono juu, mikono chini, na watoto wanasinzia wamesimama. Siku moja mwaka 1946 akaja jikoni kuomba makopo kumi ya bati ya kunywea, moja yake ya buluu. Nikamuuliza kama nyumbani kwake iko harusi. Kumbe anayapeleka uwanjani! Mutoto anakimbia, anachuchumaa, anajenga: ine chini, tatu, mbili, moja juu. Anabomoa, anarudi mbio, mwenzake anaondoka. Ikianguka, anza tena. Musafiri, yule mutoto munene asiyechaguliwa na mutu kwa mupira, akawashinda wote.

Mwaka 1947 akaja inspekteri, Muzungu wa kukagua masomo. Akasema hiyo ni kazi ya jikoni, haiko jimnastiki. Bulaimu aache, ama uwanja apewe mutu mwingine. Bulaimu akavua kofia, akamuomba Bwana ajaribu kwanza mwenyewe, mara tano tu.

Muzungu akakimbia, akachuchumaa, makopo chini. Watoto wakalia: "Tena, Bwana, tena!" Akavua koti. Mara ya tatu yakaanguka pamoja na kofia yake. Mara ya tano akasimamisha kopo ya buluu juu kabisa, akarukaruka kama mutoto.

Kesho yake nikamupelekea kahawa. Bwana hawezi kutoka kitini, mapaja yamekataa! Nikamuinua kwa mukono mumoja. Wanaosema tulikuwa wane, ni wivu. Akaomba kitabu cha masomo, akaandika kwamba makopo yabaki, pamoja na mupira na mbio, hata kimoja kisifukuze kingine. Leo waalimu wanatoka Kabambare na Lusangi kuja kujifunza kwa Bulaimu.

Mwalimu, asante sana. Lakini ile kopo ya buluu ilipotea siku ileile ya inspekteri, na najua iko ndani ya sanduku lako. Nilitia yangu ya chai pahali pake. Miaka kumi na moja watoto wanajenga nayo, mimi nakunywa chai kwa bakuli, na wewe hujauliza hata siku moja!

Basi, beba ya buluu, ni yako. Wewe na muke wako mama Cécilia mukae na afya na furaha. Watoto wa Wamaza wakiuliza ni ya nini, chuchumaa uwaonyeshe, kama magoti ingali inakubali. Yangu inabaki hapa, juu ya zile tisa.