Risala ya Karakana ya Baraka Kuhusu Mashine ya Kupukuchua Mahindi

Mgeni rasmi uliye Mkurugenzi wa kiwanda cha zana za kilimo, meneja wetu Bwana Wakhungu, na wageni wote:

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa Karakana ya Baraka, Kitale, tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama. Tuliambiwa unakuja kujionea. Hatukuambiwa unataka kuona nini.

TULIKOTOKA
Mwaka 2003 tulinunua mashine kuukuu iliyotoka ng'ambo, tukaifungua kipande kwa kipande, tukatengeneza nyingine mfano wake. Hatukujua ilikusudiwa mahindi makavu, na huku kwetu mvua hutukuta shambani. Mteja wetu wa kwanza, Mama Nekesa wa Kiminini, alirudi na ndoo ya punje zilizovunjika, akaimwaga mlangoni. Akasema, "Hii ni chakula ya kuku. Mimi nililima ya watu."

MAFANIKIO
Tangu hapo hatupaki rangi mashine yoyote kabla mama huyo hajaijaribu kwa mahindi yake. Msimu baada ya msimu aliikataa. Tulipoondoa meno ya chuma tukafunga vipande vya tairi, alitazama punje, akazitia kwenye gunia lake. Tukapaka rangi.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, mwezi uliopita mafundi wako walitutembelea. Desturi yetu ni kuomba kabla ya kuwasha stima. Tulipofumbua macho, kifuniko cha mashine kilikuwa wazi na fundi wako mmoja anachora. Mwenzetu Bilan alimwuliza kama kwao sala haina Amina. Alijibu kwamba yeye hupenda tu kuchora. Tangu siku hiyo baadhi yetu huomba jicho moja likiwa wazi, na jambo hilo linatuhuzunisha.

Hatusemi kuiga ni dhambi, nasi tuliiga. Lakini tulinunua kwanza. Kiwanda chako kikianza kuitengeneza mashine hii bila sisi, karakana yetu itafungwa kabla ya mavuno.

MAOMBI
Tunaomba michoro irudishwe. Kama mashine imekupendeza, tuitengeneze pamoja: ninyi mna mitambo, sisi tuna Mama Nekesa. Tunaomba pia ujibu hapa hapa, kwa kinywa chako, meneja wetu akisikia.

Mashine imo katika chumba kilicho nyuma yako. Ufunguo anao Bi. Nanyama, aliyeketi kando yako. Ataufungua mlango ukishajibu.

Mungu akupe jibu jema, nasi atujalie kuliamini.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Karakana ya Baraka, Kitale.
Imesomwa na Jairus Wabwile, mchomeleaji.