Meno ya Buldogi

Katika tuktuk iliyotoka stendi ya mabasi ya Garissa niliwekwa katikati. Upande mmoja alikaa Kasyoka, mwalimu, amempakata buldogi wake aliyewasili kwa basi kutoka Machakos. Upande wa pili alikaa Abdihafid, dalali wa ngamia, ambaye hakutaka mate ya mbwa yaguse kikoi chake kabla ya swala, lakini hakuweza kuacha kumtazama.

“Mwalimu, umedanganywa!” alipaza sauti. “Meno ya chini imepita ya juu. Huyu atakula majani namna gani?”

“Ni mbwa, mzee! Ukoo wake wote una taya hilo.”

“Na hii kukoroma? Mbuzi ikipumua hivi, hatupeleki sokoni.”

“Pua ni fupi, hewa haipiti vizuri. Ndiyo maana namfuta kwa kitambaa cha maji, kisha nakausha mikunjo ya uso isioze.”

Alisema kweli. Mbwa wa aina hiyo hapoi upesi, na joto kama la mchana ule huweza kumuua. Abdihafid naye alilijua joto.

“Wallahi, mrudishe Machakos leo! Atakufa!”

“Nimemlea tangu hajafungua macho. Harudi!”

Tuktuk ikasimama langoni kwake. Kasyoka akashuka amembeba, maana mchanga ulikuwa ukichoma.

“Basi mtembeze alfajiri tu,” Abdihafid akafoka, “na umwage maji sakafuni, alale hapo!”

“Si umesema arudi?”

“Nimesema, na bado nasema! Lakini mpeleke kivulini kwanza!”