Damu ya Mercyline kwa Benchi ya Kahawa

Khaemba alikuwa ametumwa, na mtu aliyetumwa hakai. Yeye akakaa! Mkewe Mercyline alikuwa wodini siku ya pili, homa imempanda mpaka anaita watu waliokwisha kufa, na daktari alikuwa amempa Khaemba kichupa cha damu ndani ya kikasha. “Peleka ile maabara mpya ya town. Mashine yao inataja jina la mdudu wa hiyo homa kwa masaa tano, yetu ni siku tatu. Kimbia.” Alikimbia vizuri tu mpaka mtaa wa Bondeni, kwa benchi ya Muhidin wa kahawa, akaona haya kupita bila salamu. Wanaume wa Bondeni ndivyo walivyo: nyumba itaungua, salamu hawaachi.

— Masaa tano? akashtuka Jerry, fundi viatu anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani. Zii, boss. Haraka haraka haina baraka.

— Daktari amesema nikimbie, Khaemba akasema, huku akipokea kikombe.

— Daktari ni kijana! Mdudu wa damu ni mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Unafikiri siku tatu zilitoka wapi?

— Na jina lake wanatoa wapi haraka hivyo? akadakia Travis wa kuosha magari. Si huyo mdudu ako registered! Ako na kitambulisho, pengine hata anapiga kura.

— Wallahi, mimi naogopa mashine, Muhidin akasema, akimwongezea Khaemba kikombe cha pili. Imezoea damu ya watu wa mkate. Ikikutana na damu ya ugali wa Bungoma, itazima.

Khaemba akauliza swali, kisha lingine. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alimpenda Mercyline, na mashine ingetoa jibu. Benchi ilitoa kahawa tu.

Akafika Cheptanui, mama wa viazi kutoka Kuresoi. Akatua gunia, akaelezwa kesi yote, kila mtu akimkatiza mwenzake.

— Kwa hivyo mashine ni masaa tano?

— Tano! wakajibu kwa pamoja.

— Na huyu amekaa hapa na damu ya bibi yake masaa ngapi?

Profesa akavua miwani, akaifuta. Travis akaangalia barabara. Muhidin akainua birika, akakuta ni tupu.

Khaemba hakungoja watafute methali. Alikumbatia kikasha kwa mikono miwili, akaingia katikati ya barabara mbio, akilia waziwazi, na magari yakampisha.