Mama Renilde Kabura, Aliyewanywesha Ng'ombe Huku Akitetemeka

Bababa na bamama wa Lweba, nanyi mlioshuka kutoka Minembwe: mimi ni Émilienne, mzaliwa wake wa kwanza. Familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu.

Mama Renilde Kabura alizaliwa tarehe 3 mwezi wa sita 1963, nchini Burundi. Mwaka wa 1972 wazazi wake walikimbia mauaji pamoja naye, wakavuka ziwa Tanganyika hadi huku Kongo, na watu wa hapa Lweba wakawapokea na kuwapa shamba la muhogo.

Alisoma hapa hapa hadi mwaka wa tano wa shule ya msingi. Alikuwa mwoga sana wa radi. Ikianza kunguruma aliingia chini ya benchi, na mwalimu wake, mtu mpole, aliendelea kumwuliza maswali akiwa huko huko chini. Alijibu vizuri.

Mwaka wa 1983 alifunga ndoa kanisani na baba yetu, Darius Nzohabonayo, mfugaji wa Minembwe. Huko juu alijifunza kukamua, akazaa watoto watano, mmoja akamtangulia. Vita vilipozidi mwaka wa 2019, walishuka Lweba na ng'ombe waliobaki.

Wakati ule chemchemi iliyo juu ya kijiji ilikuwa ya wote. Wakulima na wafugaji waliijenga pamoja kwa salongo, kazi ya kijiji isiyo na malipo: bomba la watu, na chini yake birika la ng'ombe. Mwaka wa 2022 mfanyabiashara mmoja alikuja na ruhusa, akasema ameitoa biro, kwenye ofisi ya serikali. Akaizungushia chemchemi seng'enge, akaweka walinzi wenye bunduki, akaanza kuuza maji kwa bidoni, dumu kwa dumu. Birika likavunjwa. Tukalazimika kupeleka ng'ombe mtoni, na njia ya mtoni inapita mashambani. Muhogo ukakanyagwa. Ng'ombe wa baba wakakatwa mapanga. Watu wakaanza kutazamana vibaya, na mama, aliyeyajua macho ya namna hiyo tangu utotoni, akashindwa hata kula.

Alimwendea mama Fanny, waliyesoma naye, ambaye shamba lake lilikuwa limeharibiwa. Akamwomba msamaha, kisha akamwambia kwamba wakiendelea hivi watazikana wao kwa wao, na maji yatabaki kuuzwa. Mama Fanny akajifunga kitenge, wakaenda pamoja kwa chefu wa kijiji, na baadaye mjini Baraka. Kila mahali waliambiwa warudi siku nyingine.

Kisha wanaume wawili wakaja nyumbani kwa pikipiki, mchana kweupe. Walisalimu vizuri, wakaketi, wakaomba maji ya kunywa. Wakamwuliza mama majina ya watoto wake, mmoja mmoja.

Baba alimsihi aache. Sote tulimsihi. Lakini mwezi wa nane 2023, ng'ombe walipoanza kuanguka njiani kwa kiu, aliwaswaga hadi kwenye seng'enge, bamama wa mashambani wakimfuata. Mlinzi alimwelekezea bunduki. Nilikuwa karibu, niliona kitenge chake kikitetemeka magotini.

"Mama, we hauogope?" mlinzi akauliza.

"Mi naogopa sana, mwanangu. Lakini ngombe haijue woga, inajua kiu tu. Fungula."

Akafungua. Baadaye chefu aliagiza birika lijengwe upya, na ng'ombe wananywa hapo hadi leo. Ila seng'enge bado ipo, na watu bado wananunua maji. Wale wa pikipiki nao walirudi, wakimwulizia mdogo wetu Wilfried. Alihama. Hatusemi yuko wapi.

Tangu hapo moyo wa mama haukutulia. Kila pikipiki iliyopanda kilima ilimwinua kitini. Tansio, presha ya damu, ilipanda, tukampeleka hospitali Baraka, na tarehe 19 mwezi wa tatu 2025, asubuhi, alifariki, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama Fanny. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa hili: "Mumuambie Wilfried asikuye kunizika."

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu, na mama Fanny, ambaye kuanzia leo tunamhesabu dada yake. Wilfried hayuko hapa kati yetu. Ametii.

Jana, kwenye matanga, mtu ambaye hakuna anayemfahamu aliniuliza nani sasa atasemea maji. Nilishindwa kumjibu, kwa hofu. Kama yuko hapa, asikie: bado ninaogopa, na ni mimi.

Mama, Bwana akupe kwake amani uliyonyimwa kwetu.