Skrubu Nne na Karatasi ya Bisibisi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, fundi wa kompyuta wa hospitali yetu atakabidhi funguo zake baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Mhariri wa jarida la wafanyakazi ameniomba ukurasa mmoja wa kumuaga, kwa kuwa nilikuwa mkuu wa masjala alipoajiriwa na ofisi zetu zilipakana kwa miaka kumi na sita. Nimekubali, ila si kwa wema mtupu. Kuna jambo linalomhusu ambalo nimelificha miaka kumi na tisa. Daktari wangu ameacha kunipangia tarehe za kurudi kliniki, na mtu wa masjala anajua maana ya jalada lisiloandikwa tarehe ya mbele. Jambo lenyewe nitalisema mwishoni. Nikianza nalo mtanisoma mimi, na siku hii ni yake.

Alikuja kijana mwembamba, aliyeajiriwa kutengeneza simu na mashine za chapa. Mahali ambapo wengine huchomeka kalamu, yeye alichomeka bisibisi, na akina mama wa mapokezi hawakuhitaji zaidi ya hapo kumpa jina. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, aliifungua kasha siku hiyohiyo ili aone ndani kuna nini. Mhasibu nusura azimie. Kabla ya saa ya kutoka kazini alikuwa ameifunga tena, na ikawaka.

Sifa yake kubwa ni kwamba hajawahi kumfanya mtu ajione mjinga. Muuguzi mkuu alimwita siku moja akilalamika kuwa kompyuta yake imekufa. Bisibisi alipanda ghorofa tatu, akakuta swichi ya ukutani imezimwa. Akaiwasha, akasema, "Ilikuwa imechoka tu, mama. Sasa imepumzika." Muuguzi mkuu alisimulia kisa hicho mpaka anastaafu, akiamini kweli kwamba mashine huchoka.

Wakongwe watakumbuka pia karatasi zake. Alikata kalenda za mwaka uliopita vipande vidogo, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa na kuvibandika kila alipofanya kazi. Iliyojulikana zaidi ilisema: USIGUSE. NARUDI. Dereva wa gari la wagonjwa aliwahi kusinzia kwenye benchi, akaamka na kuzunguka hospitali nzima akiwa na karatasi hiyo mgongoni, huku akishangaa kwa nini kila mtu anampisha.

Masjala tulikuwa na kompyuta tuliyoiita Bibi. Kasha lake lilikuwa limegeuka manjano, na feni yake iligugumia kama mtu anayepanda ngazi. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wagonjwa zaidi ya elfu kumi na nne, kila jina na namba ya rafu lilipo jalada lake. Ikafika mahali Bibi akakataa kupokea jina jipya mpaka tufute la zamani. Utawala ulituambia kompyuta nyingine haipo mwaka huo.

"Bibi hajazeeka, mzee," Bisibisi aliniambia. "Kabati lake ndilo limejaa. Tumwongezee kabati kubwa, aendelee na kazi."

Kabati alilolisema ni diski, kile kifaa cha ndani kinachotunza kila kilichoandikwa. Aliagiza mpya, ndogo kama kitabu cha mfukoni, lakini yenye nafasi mara ishirini ya ile ya zamani. Alhamisi moja, kabla ya mchana, alilifungua kasha, akapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akaunganisha diski zote mbili, kisha akamwasha Bibi kwa programu ya maandalizi. Kwenye kioo ikatokea mistari miwili, mmoja kwa kila diski, na mashine ikangoja kuambiwa ni ipi isafishwe. Iliyotakiwa kusafishwa ni ile mpya. Baada ya hapo orodha yetu ingenakiliwa humo, tungekuwa nayo mara mbili, na hofu ingekwisha.

Hapo ndipo alipogundua kwamba diski mpya imekuja bila skrubu. Fundi mwingine angeiacha ikae hivyohivyo juu ya nyaya. Yeye hakutaka kusikia. "Hii si nguo ya kuanikwa kwenye kamba, mzee," alisema, akaenda stoo kutafuta skrubu nne. Mtunza stoo wa wakati ule salamu zake peke yake zilimaliza robo saa. Zikapita dakika arobaini.

Aliporudi, diski iliyokuwa imesafishwa ni ya zamani. Majina elfu kumi na nne yalikuwa hayapo.

Kamati ya watu watatu ilikaa wiki iliyofuata. Bisibisi alieleza kwamba alipotoka hakuwa amechagua mstari wowote, na kwamba alibandika karatasi juu ya kibodi. Karatasi ilitafutwa, haikuonekana. Mjumbe mmoja alicheka, "Imeota miguu?" Bisibisi akajibu, "Niliibandika, mheshimiwa. Kwa mkono huu." Shahidi wa masjala alipoulizwa alisema alikuwa akishughulika na majalada na hakuona karatasi yoyote. Shahidi huyo ni mimi. Uamuzi uliandikwa katika barua ya onyo, kwa maneno mawili ambayo yamo katika jalada lake hadi leo: uzembe na uongo. Ukuu wa kitengo cha ufundi, ambao ungekuwa wake mwezi huohuo, ukaenda kwa mwingine. Nafasi ilipotokea tena, barua ile ilitangulia mbele yake.

Hakununa. Aliifunga diski mpya kwa skrubu zake nne, akavuta kiti masjala, akaanza kuandika upya orodha kutoka kwenye kadi za wagonjwa pamoja na makarani wangu wawili. Ilichukua miezi mitano. Katika miezi hiyo nilimwona mama mmoja amesimama dirishani na mtoto mwenye homa kuanzia asubuhi hadi mchana, sisi tukipekua rafu kutafuta jalada lake. Aliyemletea kiti ni Bisibisi.

Bibi alitutumikia miaka minane zaidi. Utaratibu wa kunakili kumbukumbu kila Ijumaa na kuziweka katika majengo mawili ni kazi ya mikono ya Bisibisi, na tangu auanzishe hospitali haijapoteza hata jina moja. Makarani wote mnaowaona leo wakigonga kibodi bila kuangalia vidole walifundishwa na yeye au na aliyefundishwa na yeye. Ila tangu ile kamati hakubandika tena karatasi. Akifungua mashine hukaa nayo mpaka mwisho, na akihitaji kitu humtuma mtu. Vijana wanadhani ndivyo alivyozaliwa.

Mwezi uliopita alikuja kunijulia hali. Aliitengeneza kompyuta ya mjukuu wangu, hii anayoandikia haya ninayomsomea, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda na kuniuliza kama dawa zinanikubali. Neno lilinifika kooni. Nikamwomba maji.

Kwa niaba ya wote tuliowahi kumpigia simu kwa hasira na kumsindikiza kwa shukrani, namwambia ahsante. Mkewe sasa apate mume anayekula chakula cha mchana kikiwa cha moto, na wajukuu wapate babu wa kuwafungulia redio na kuzifunga tena. Afya njema, Bisibisi, na siku nyingi za amani.

Nina ombi kwa karani wa masjala. Ijumaa jalada lake litafungwa, na jalada likishafungwa hapa halifunguliwi. Kabla ya hapo, liwekwe ndani yake hili nililoandika, juu ya ile barua ya onyo. Masjala barua mpya hukaa juu. Nilifanya hivyo miaka thelathini, mkono ukazoea kabla ya akili.

Ndiyo maana Alhamisi ile, nilipoona mistari miwili kwenye kioo, sikuwa na shaka kwamba wa juu ndio mpya. Nilitaka arudi akute kazi imesogea. Nilibonyeza, nikatazama ule mstari wa kijani ukijaa taratibu, nikajisikia fundi. Nilipoelewa, nilisikia hatua zake kwenye korido, na skrubu zikigongana kiganjani mwake.

Mjukuu wangu amesimamisha vidole. "Babu, na hili niliandike?" Andika.

Karatasi ilikuwepo. Niliibandua mwenyewe ili nizifikie herufi, nikaikunja mara mbili, nikaitia mfukoni. Nimeiambatanisha.